Simu Inayomfaa Mzee

Simu inayomfaa mzee ni ile anayoweza kuipokea, kupigia na kutolea pesa bila kumwita mjukuu. Kipimo hicho hutangulia bei, jina la kampuni na urembo wa umbo. Mkoani Singida wazazi wengi wamebaki Ilongero, Nduguti, Kiomboi au Itigi huku watoto wao wakitafuta maisha Dodoma, Arusha na Dar es Salaam, na simu ya mzee ndiyo inayoleta hela ya dawa, taarifa ya msiba na ujumbe wa mbolea ya ruzuku. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 humtambua mtu kuwa mzee akifikisha miaka 60. Katika kuchagua simu, umri huo hausemi mengi. Mwalimu mstaafu wa miaka 70 anayeishi Singida mjini na mkulima wa miaka 62 wa bonde la Wembere wana mahitaji yasiyofanana hata kidogo. Yanayoulizwa kwanza ni vidole, macho, masikio, mtandao wa kijiji na mahali pa kuchajia.

Madukani na kwenye meza za minadani kuna makundi mawili makubwa. La kwanza ni kitochi, au kiswaswadu kama wengine wanavyokiita: simu ya batani yenye kioo kidogo, redio na tochi. Ukoo wake unaanzia kwenye Nokia 1100 ya mwaka 2003, iliyouzwa zaidi ya milioni 250 duniani kote. Ilikuwa na tochi kichwani, na batani zake zilifunikwa kwa mpira usiopitisha vumbi. Vitochi vya leo vya itel, Tecno na Nokia vimefuata nyayo hizo, na kipya huuzwa kwa makumi ya maelfu ya shilingi. Kundi la pili ni simu janja za kugusa kioo, ambazo hata za bei ya chini hugharimu zaidi ya kitochi. Bajeti ya 2021/22 ilisamehe kodi ya VAT kwenye simu janja ili ziwafikie wengi, lakini msamaha huo ukafutwa mwaka uliofuata.

Katikati iliwahi kuingia aina ya tatu, kitochi janja chenye mfumo wa KaiOS, kilichonadiwa sana na kampuni za simu kuanzia 2019. Kilikuwa na batani na WhatsApp kwa pamoja, jambo ambalo kwa mzee lilikuwa jema. Tatizo ni kwamba WhatsApp iliondolewa kwenye duka la programu la KaiOS katikati ya mwaka 2024, kwa hiyo anayeuziwa simu ya namna hiyo kwa mkono wa pili akiahidiwa WhatsApp anauziwa maneno. Zipo pia simu zilizobuniwa mahsusi kwa ajili ya wazee, kama Doro za Sweden na Raku-Raku za Japani, zenye batani kubwa na kitufe cha kuomba msaada. Ni nadra kuziona kwenye maduka ya Singida, na fundi wa kuzitengeneza ni nadra zaidi.

Sababu mojawapo kubwa ya wazee wa vijijini kushindwa simu janja haiko kichwani mwao, iko kwenye ngozi ya vidole. Kioo cha kugusa hufanya kazi kwa umeme mdogo uliotandazwa chini yake. Kidole chenye unyevu kikikigusa, hubadilisha umeme huo mahali pale, na simu ikajua pameguswa. Ngozi nene na kavu ya mtu aliyeshika jembe kwa miaka 40 hubadilisha umeme kidogo mno, na kioo hakisikii. Singida ni nchi ya ukame wa nusu mwaka, yenye upepo na vumbi, na kiangazi kikikolea hata vidole vya vijana hukauka. Mzee akiona kioo kimya, hubonyeza kwa nguvu na kukawia, na simu huelewa kwamba anataka kufuta au kuhamisha kitu. Picha za programu hupotea mahali pake, sauti huzimika, na nyumbani husemwa kwamba mzee hajui simu. Akilazimika kutumia simu ya namna hiyo, hufaa kulowesha kidole kidogo, kubandua protekta nene, kuwasha mpangilio wa kuongeza usikivu wa kioo pale ulipo, au kutumia kalamu yenye ncha ya mpira. Batani haina masharti hayo, inahitaji nguvu ya kidole tu.

Hata hivyo batani nazo hutofautiana. Zinazofaa zimeinuka, zimeachana, na namba 5 ina kinundu cha kumwongoza asiyeona vizuri. Batani bapa zinazong'aa, zilizobanana kama kipande kimoja cha plastiki, hupendeza kwenye kabati la duka na kuchosha baada ya hapo. Kitufe cha kijani cha kupokea na chekundu cha kukata viwe mbali na kile cha katikati, maana vikibanana ni rahisi simu kukatwa kabla ya kupokewa. Ni vizuri tochi iwe na swichi yake pembeni au juu. Simu za kukunja hupokewa kwa kufunguliwa na kukatwa kwa kufungwa, na baadhi ya wazee huziona rahisi kuliko zote, lakini bawaba yake ikivunjika kijijini habari yake imekwisha. Jaribio la haki ni moja: mzee mwenyewe ashike simu dukani, asimame, apige namba nzima ya mtu kwa kidole gumba. Kununua kwa niaba yake bila jaribio hilo ni kubahatisha.

Macho huanza kupoteza uwezo wa kuona vya karibu tangu miaka ya arobaini, na mtoto wa jicho huongeza ukungu. Kwa hiyo ukubwa wa kioo hauna maana kama namba zinazoonyeshwa ni ndogo. Kinachotafutwa ni tarakimu nene, nyeusi juu ya weupe au kinyume chake, zinazosomeka nje juani na si chini ya taa ya duka pekee. Kwa upande wa masikio, uzee hula sauti nyembamba kwanza. Milio ya kengele na filimbi, ambayo ndiyo iliyojaa kwenye simu za bei nafuu, huweza kuita mpaka ikachoka huku mzee amekaa kando yake. Mlio mzito, pamoja na mtetemo, husikika zaidi. Spika ya sikioni nayo ijaribiwe kwa kupiga simu hasa, kwa kuwa simu yenye redio ya kishindo inaweza kuwa na sauti hafifu ya maongezi.

Jambo la kusoma lina upekee wake. Baadhi ya wazee wa kizazi hiki walijifunza kusoma katika madarasa ya elimu ya watu wazima ya miaka ya 1970, na wapo ambao hawakuwahi kukaa darasani, lakini namba wanazijua vizuri kwa sababu wameuza na kununua maisha yao yote. Menyu ya Kiswahili ipo kwenye vitochi vingi, ila muuzaji huiacha kwa Kiingereza asipoombwa kuibadilisha. Anayezungumza zaidi Kinyaturu au Kinyiramba hatapata menyu ya lugha yake, na kwake njia bora ni kukwepa menyu kabisa: batani 2 ibonyezwe kwa kukawia imwite binti mkubwa, 3 imwite jirani, 4 imwite bodaboda anayeaminika. Mipangilio hiyo ipo kwenye karibu kila kitochi na haigharimu kitu. Baadhi ya simu hutaja namba inapobonyezwa, na ni busara kusikiliza kwanza zinataja kwa lugha gani.

Betri na mtandao huenda pamoja. Kitochi chenye betri ya mAh 1,000 hukaa siku kadhaa, wakati simu janja yenye mAh 5,000 mara nyingi huomba chaji kila siku, kwa sababu kioo kikubwa na intaneti hunywa umeme mfululizo. Kwa nyumba inayochajisha kibandani kwa malipo, tofauti hiyo hurudia kila wiki na kwa mwaka inaweza kukaribia bei ya kitochi chenyewe. Simu iliyo mbali na mnara huongeza nguvu ya kurusha mawimbi ili isikike, na betri huisha upesi hata isipopigwa. Ndiyo maana simu iliyosifiwa mjini hulaumiwa ikifika chini ya mlima wa Sekenke au nyuma ya majabali ya mawe. Kabla ya kununua laini, majirani wa mzee waulizwe ni mtandao gani unashika ndani ya nyumba, si juu ya kichuguu. Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote unaendelea kugharimia minara ya vijijini, na mwezi Mei 2023 ilisainiwa mikataba ya minara 758 nchini, kwa hiyo jibu la miaka mitatu iliyopita huenda si la leo. Simu ya laini mbili humsaidia anayeishi mpakani mwa mitandao. Betri inayochomoleka, hasa ya aina ya BL-5C ambayo kila fundi anayo mezani, ina thamani kuliko kamera. Ikivimba inatupwa, haikandamizwi ikarudishwa.

Redio nayo isidharauliwe. Kuna vitochi vinavyoshika FM vyenyewe na vingine visivyoshika mpaka vichomekwe waya wa sikioni, na kwa mzee anayesikiliza TBC Taifa akiwa jikoni au zizini huo waya ni kero ya kila siku.

Kutuma na kupokea pesa hakuhitaji simu janja. M-Pesa, iliyoanza Tanzania mwaka 2008, hufunguka kwa *150*00#, Mixx by Yas, zamani Tigo Pesa, kwa *150*01#, Airtel Money kwa *150*60# na Halopesa kwa *150*88#. Ugumu uko kwenye muda. Menyu hizi hujifunga mtumiaji akichelewa kujibu, na mzee anayesoma taratibu hurudishwa mwanzo mara kwa mara hadi akate tamaa na kumkabidhi wakala simu pamoja na namba ya siri. Hapo pesa za wazee huweza kupotea bila hata tapeli wa mbali. Dawa yake ni kuhifadhi ile namba ya huduma kwenye orodha ya majina kwa neno PESA, kisha kumfundisha mzee mambo mawili tu, kutazama salio na kutoa pesa, kwa mpangilio uleule wa tarakimu kila mara, hadi vidole vikariri. Kutuma pesa kunaweza kusubiri. Namba ya siri haiandikwi nyuma ya betri wala ndani ya kava.

Simu janja inastahili gharama yake kwa wazee wa namna fulani. Mstaafu anayelipwa na mfuko wa pensheni wa PSSSF anaweza kujihakiki kwa programu ya PSSSF Kiganjani badala ya kusafiri, bibi mwenye wajukuu Oman au Marekani huwaona kwa WhatsApp kwa bei ya kifurushi, na asiyejua kuandika hutuma ujumbe wa sauti kwa lugha anayoitaka. Mzee wa hivyo apewe simu mpya ya bei ya chini, skrini ya mbele ibakishwe na picha nne au tano, maandishi yakuzwe, na masasisho ya programu yazuiwe kujipakua kwa kifurushi. Simu kuukuu ya mtoto, yenye kioo kilichopasuka na betri iliyochoka, ni zawadi inayompunguzia gharama mtoaji na kumwongezea mpokeaji. Simu za mkopo, ambazo hujifunga malipo yakichelewa, hazimfai mtu ambaye kipato chake huja baada ya mavuno ya alizeti au vitunguu.

Uhalali wa simu huhakikiwa kabla ya kulipa. Hubonyezwa *#06# kuona namba ya IMEI, kisha namba hiyo hutumwa kwa ujumbe kwenda 15090, na majibu hutaja aina ya simu. Jibu likitofautiana na maandishi ya kwenye boksi, simu hiyo haifai kununuliwa. Usiku wa tarehe 16 Juni 2016 Mamlaka ya Mawasiliano (TCRA) ilizima simu bandia nchini, na waliokuwa wamenunua kwa bei ya kutupa walibaki na tochi tu.

Usajili wa laini ndio hatua inayofanywa kwa haraka mno. Tangu 2019 laini husajiliwa kwa alama za vidole na namba ya kitambulisho cha taifa (NIDA), na vidole vilivyosuguliwa na jembe mara nyingi havisomwi na mashine kwa mara ya kwanza. Familia ikichoka kurudia, mjukuu huweka kidole chake, na laini ya babu ikawa ya mjukuu. Athari zake huonekana baadaye: salio kwa rekodi za kampuni ni la mjukuu, malipo ya kaya maskini ya TASAF au ya mazao yanaweza kukwama kwa majina kutolingana, na mzee akifariki pesa iliyomo inakuwa ugomvi wa mirathi. Ni heri kunawa mikono, kupaka mafuta kidogo na kuyafuta, kisha kujaribu kidole kingine hadi mashine ikubali. Laini zilizosajiliwa kwa jina la mtu huonekana kwa kubonyeza *106#.

Ujumbe wa matapeli wa kuomba hela itumwe kwa namba nyingine hupelekwa 15040 bila kujibiwa. Simu yenyewe ikipotea, mwenye laini ndiye anayekwenda dukani kurudishiwa namba, akiwa na namba ya NIDA na vidole vyake. Kwa hiyo risiti, boksi lenye IMEI na nakala ya kitambulisho huhifadhiwa nyumbani pamoja, mahali ambapo mzee mwenyewe anapajua.