Sloti ya zamani itaibana kadi mpya?

Una kompyuta ya mtumba yenye sloti ya PCIe 3.0, na umejichanga ununue kadi ya grafiksi. Itabanwa? Mara nyingi wala. Fikiria kiwanda cha kahawa cha TANICA, Bukoba: ghala likiwa limejaa, wembamba wa barabara ya Muleba haukisumbui. Ghala ndiyo memori ya kadi, barabara ndiyo sloti. Njia 16 za PCIe 3.0 hupitisha takriban GB 16 kwa sekunde. Gemu nyingi zinatosheka.

Kasheshe ni ghala dogo. Radeon RX 6500 XT ya 2022 ina memori ya GB 4 na njia 4 tu. Kwenye PCIe 3.0 inapata kama GB 4 kwa sekunde, wakati memori yake yenyewe hupitisha GB 144. Gemu ikizidi ghala, picha zinakwamakwama. Ukiwa nayo tayari, punguza ubora wa picha mpaka mzigo uenee ghalani.