Jeki ya Lori Kuukuu

Yako malori ya Bedford yangali yakibeba mizigo, ijapokuwa General Motors iliiuza biashara hiyo ya malori mwaka 1987. Injini ikifa, fundi huitwa siku ile ile, jeki ikipotea, mwenye lori husema, "Mtaazima njiani." Hatulikubali neno hilo, kwa kuwa alalaye chini ya lori lililoegemezwa mawe si mwenye mali, ni utingo.

Jeki ya asili si lazima. Ya mafuta yatosha, mradi tani zilizoandikwa ubavuni mwake zizidi uzito utakaoinuliwa. Urefu wake ikiwa imeshuka upimwe gurudumu likiwa halina upepo, maana hapo ekseli imeinama, na jeki ndefu haipiti. Jeki ya gari dogo, hata ya bure, ikataliwe.

Spana ijaribiwe kwenye nati yenyewe. Tena ndugu madereva wajue kwamba katika malori mengi ya Kiingereza ya zamani nati za magurudumu ya kushoto hufunguliwa kwa kufuata mwendo wa saa. Asiyejua huining'inia spana mpaka bolti ikakatika.

Basi aendaye kutafuta katika vyuma chakavu na achukue nati moja mfukoni, na jeki aione kwanza ikisimama na mzigo bila kushuka.