Kikwembe kimoja, ibada nyingi



Inapokaribia tarehe 8 Machi, kisha Pasaka, arusi na Noeli, swali ni lile lile katika makanisa yetu ya Uvira, tangu Kavimvira hadi Kalundu: safari hii tunavaa kikwembe gani? Si swali dogo. Kuna mama anayekaa nje ya kwaya miezi mizima kwa kukosa pesa ya iniforme mpya. Mwingine ananunua kwa deni wakati mtoto wake amefukuzwa shuleni kwa ajili ya minervali. Yakobo 2:2-4 inakataza kumweka mbele mwenye mavazi mazuri na kumsimamisha maskini kando. Iniforme inayobadilishwa kila sikukuu inafanya jambo hilo hilo bila mtu kusema neno.

Tunawashauri akina mama, na kamati zao hasa, wachague kikwembe kimoja kizuri, kishonwe vema, kivaliwe miaka mingi.

Kikwembe kamili kina yadi 6, na kwa desturi kinakatwa vipande vitatu vya yadi 2. Kimoja kinakuwa bulauzi, kingine sketi, cha tatu hakishonwi. Hicho cha tatu ndicho chenye kazi nyingi: kinafungwa juu ya sketi kwa heshima ibadani, kinabeba mtoto mgongoni, kinajifunikwa kwenye matanga, na usiku kinakuwa shuka. Kutoka 22:26-27 inaamuru kwamba aliyechukua vazi la maskini kuwa rehani alirudishe kabla jua halijatua, kwa kuwa hana kingine cha kujifunika akilala. Waliokimbia maji ya mto Mulongwe mwezi wa Aprili 2020 wanaelewa mstari huo bila mahubiri.

Si lazima kiwe cha Vlisco, ile kampuni ya Uholanzi iliyoanza mwaka 1846. Kigeuzeni tu sokoni: waksi nzuri ina rangi kali pande zote mbili, ya hafifu imepauka upande wa nyuma. Rangi nayo iwe inayokubaliana na bulauzi nyeupe ambayo mama tayari anayo.

Akina baba, koti moja jeusi la mtumba, fundi akilipunguza mabega na mikono, linatosha kwa arusi na kwa mazishi.

Kazi kubwa iko kwa fundi. Kitambaa cha pamba kiloweshwe na kukaushwa kivulini kabla ya kukatwa, kwa maana kinarudi. Vipimo vichukuliwe mwilini, si kwa kuangalia bulauzi ya jirani. Na mwombeni aache kitambaa cha ziada ndani ya mishono ya ubavuni, upana wa vidole viwili kila upande. Mafundi wengine wanakikata ili nguo ikae nyepesi, kataeni. Mama akinenepa, au akipata mimba, mshono unafunguliwa, unashonwa upya, na Jumapili anavaa bulauzi ile ile.