Kwa Nini Pamba ya Shambani Haifyonzi Maji?

Katika Dutwa, wilayani Bariadi, mkoani Simiyu, pamba ni zao linalojulikana kwa kila mwanafunzi. Hata hivyo, si wengi wajuao kwamba pamba iliyotoka shambani haifai kufutia damu katika kidonda. Nyuzi zake zikiwekwa juu ya maji huelea kwa muda mrefu pasipo kulowa, ilhali pamba ya hospitali hulowa na kuzama upesi. Sababu ya tofauti hiyo imo katika molekuli.

Molekuli ya maji ina atomi moja ya oksijeni na mbili za haidrojeni. Upande wa oksijeni una chaji hasi kidogo, na pande za haidrojeni zina chaji chanya kidogo. Kwa hiyo haidrojeni ya molekuli moja huvutwa na oksijeni ya jirani yake. Molekuli iliyo ndani ya maji huvutwa kutoka kila upande. Iliyo juu haina jirani upande wa hewani, hivyo huvutwa kuelekea ndani, na uso wa maji hujikaza mithili ya ngozi ya ngoma. Hali hiyo huitwa mvutano wa uso. Katika nyuzijoto 25 za Selsiasi, mvutano wa maji ni milinyutoni 72 hivi kwa kila mita. Molekuli za mafuta ya taa, ambazo ni za kaboni na haidrojeni tu, hazina chaji za namna hiyo. Hushikana kwa udhaifu, na mvutano wake haufikii nusu ya ule wa maji.

Nyuzi za pamba zimejengwa kwa selulosi, yenye vikundi vingi vya oksijeni na haidrojeni vinavyovutana na maji. Lakini kwa nje zimefunikwa utando mwembamba wa nta, na nta ni minyororo mirefu ya kaboni na haidrojeni. Molekuli za maji hushikana zenyewe kwa nguvu kuliko zinavyoishika nta. Kwa hiyo maji hujikusanya yakawa matone. Mafuta ya taa hutambaa juu ya nta hiyo bila kizuizi.

Viwandani nyuzi huchemshwa katika sodiamu haidroksaidi ili kuondoa nta, kisha hupaushwa. Selulosi ikiwa wazi, damu na dawa hufyonzwa upesi. Vitambaa vya pamba navyo huondolewa nta kabla ya kutiwa rangi.

Mwalimu aweza kuonyesha jambo hili kwa mabakuli mawili ya maji, moja likitiwa sabuni. Pamba ya shambani hulowa upesi zaidi katika maji ya sabuni. Nta ingali pale pale. Kilichopungua ni mvutano wa uso.