Moyo Umepona, Mbona Damu Yapungua?

Tuwaze mama mmoja wa Bukavu aliyepasuliwa moyo mbali na kwao, akawekewa vali mpya. Alirudi kwa furaha: aliweza tena kupanda vilima, kubeba ndoo ya maji, na kulala bila kukosa pumzi. Lakini baada ya miezi sita nguvu zikaanza kumwisha. Viganja vyake vikawa vyeupe, macho yakaingia rangi ya manjano, na asubuhi mkojo wake ulikuwa mweusi kama chai iliyokolea.

«Mama watoto, hiyo ni malaria tu,» asema mumewe.

«Baba watoto, dawa ya malaria nimekwisha kuimeza, wala sina homa,» ajibu mama.

Jirani naye anong'ona ya kuwa ni sumu. Mama huyu ni mfano tu, lakini taabu yake ni ya kweli, nayo huwapata baadhi ya wagonjwa waliotengenezwa vali. Yafaa tuifahamu, maana anayeijua mapema aweza kuokoa maisha ya mwenzake.

Vali ni nini?

Moyo una vyumba vinne na vali nne. Vali ni kama mlango ufunguliwao upande mmoja tu: damu hupita, kisha mlango hujifunga ili isirudi nyuma. Kazi hiyo hufanyika mara 100.000 hivi kila siku.

Katika nchi zetu vali nyingi huharibika tangu utoto. Mtoto aumwa koo, hatibiwi vizuri, kisha ashikwa na homa ya baridi yabisi, ambayo huacha makovu katika vali. Mlango huwa mgumu, au haujifungi tena. Vali ikiisha kuharibika sana, vidonge peke yake havitoshi. Lazima mafundi wa upasuaji waitengeneze au waweke nyingine.

Kazi hiyo si ya zamani sana. Mwaka 1952, katika mji wa Washington, Charles Hufnagel aliweka vali ya plastiki katika mshipa mkubwa wa mgonjwa. Mwaka 1960, huko Portland, Marekani, mganga Albert Starr na fundi wa mashini Lowell Edwards walifaulu kuweka ndani ya moyo vali yenye umbo la mpira mdogo katika kizimba. Na mwaka 2002 Alain Cribier wa Rouen, Ufaransa, alipitisha vali katika mshipa bila kupasua kifua.

Mitumbwi yavunjika

Damu ina chembe nyekundu zisizohesabika. Chembe hizo ni kama mitumbwi: zachukua oksijeni kutoka mapafuni na kuipeleka mwilini mote. Kila moja huishi siku 120 hivi, kisha hufa, na uboho wa mifupa huunda nyingine badala yake.

Sasa tazameni mto Ruzizi. Mahali palipo pana, mtumbwi hupita salama. Lakini katika makorongo maji hukimbia kwa nguvu, na mtumbwi ukisukumwa juu ya jiwe huvunjika. Ndivyo ilivyo katika moyo. Vali ikishonwa vizuri, damu hupita kwa utulivu. Lakini pengine uwazi mdogo hubaki kando ya pete yake, au nyuzi huachia baadaye, au vali yenyewe huchakaa. Damu hupenya hapo kwa kasi, ikigonga pete, na chembe zake hupasuka. Tayari mwaka 1961 waganga wa London waliandika habari za mgonjwa ambaye chembe zake zilivunjwa na damu iliyogonga kitambaa cha Teflon walichomshonea moyoni.

Chembe zikivunjika, rangi yake humwagika katika damu. Ini huigeuza kuwa manjano; figo huitoa katika mkojo, nao huwa mweusi. Madini ya chuma hupotea pamoja nayo. Tena kuna ubaya mwingine: damu ikipungua, moyo hulazimika kukimbia zaidi, ukikimbia zaidi, chembe nyingi zaidi huvunjika. Ugonjwa wajilisha wenyewe.

Chembe chache kuvunjika katika vali ya chuma au kaboni si hatari, kwa kuwa uboho huziba pengo. Hatari ni pale zivunjikapo upesi kuliko zinavyoundwa.

Sababu nyingine

Lakini si kila upungufu wa damu watoka hapo. Katika majuma ya kwanza damu huwa chini kwa sababu ya upasuaji wenyewe, kisha hupanda. Tena wenye vali za namna hiyo humeza maisha yao yote dawa ya kuzuia damu isigande, kama wafarini. Ikizidi kipimo, damu yaweza kuvuja tumboni polepole, na choo kikawa cheusi kama lami. Vijidudu navyo huweza kushika vali, vikileta homa isiyokwisha. Wala tusisahau malaria, safura na chakula haba, ambavyo havimwachi mtu kwa kuwa amepasuliwa.

Ndiyo maana kubahatisha hakufai. Mganga hupima hemoglobini: kwa mwanamume mzima ikiwa chini ya gramu 13 katika desilita moja, na kwa mwanamke asiye na mimba chini ya gramu 12, damu ni pungufu. Hutazama tone la damu kwa darubini, kama kuna vipande vya chembe zilizokatika. Kisha huuchunguza moyo kwa mashini ya mawimbi ya sauti, atafute uvujaji.

Dawa zake

Uvujaji ukiwa mdogo, mgonjwa hupewa madini ya chuma na asidi foliki, pengine na dawa ya kutuliza mbio za moyo. Damu ikishuka mno, huongezewa damu ya wenzake. Lakini ikiwa uwazi ni mkubwa, kuongeza damu ni kujaza mtungi uliotoboka. Sharti tundu lizibwe, ama kwa kizibo kipitishwacho katika mshipa, ama kwa kupasua tena.

Wajibu wa jamaa

Mwenye vali na aichukue kadi yake kila aendako, akamwambie kila mganga, hata wa meno: «Nina vali moyoni.» Asiache dawa ya kuzuia damu kuganda, wala asiongeze aspirini au dawa za miti bila kuuliza. Vipimo vyake asivikose hata akijiona mzima. Na akiona uchovu mpya, macho ya manjano, mkojo mweusi, choo cheusi au homa, aende hospitali upesi, asingoje.

Tumrudie mama wetu. Hospitalini mganga alimsikiliza moyo, akapima damu. «Mama, malaria haionekani,» alisema. «Chembe zako zavunjwa kando ya vali. Umefanya vema kuja.» Mumewe aliinama kimya, akikumbuka majuma matatu aliyomwambia avumilie.

Ndugu wasomaji, kupasuliwa moyo ni mwanzo wa ulinzi, si mwisho wake. Mgonjwa aliyevuka mto mkubwa asiachwe peke yake ukingoni. Akisema, «Nimechoka,» tusimwite mvivu; tumpeleke akapimwe damu.