Somo la kwanza la sayansi lisiwe hekaya ya maabara

KILA mwezi wa Januari kengele ya shule inapolia mtaani Huruma, watoto humiminika kutoka katika majumba marefu yaliyobanana kaskazini mwa barabara ya Juja, sare zikiwa zimepigwa pasi, baadhi mpya na nyingine za kurithi kutoka kwa kaka na dada zao. Miongoni mwao wamo wanaoingia Gredi ya 7, mwaka wa kwanza wa sekondari msingi. Wana umri wa miaka 12 au 13 hivi. Madaftari yao ni matupu na maswali yao ni mengi. Katika ratiba yao mpya kuna somo liitwalo Sayansi Jumuishi, ambamo fizikia, kemia na biolojia zimetiwa katika kapu moja.

Mtaala wa Umilisi umepanga somo hilo lianze na uchunguzi wa kisayansi. Mada za mwanzo ni maana ya sayansi, usalama katika maabara, kisha vyombo vya maabara na matumizi yake. Mpango huo hauna ila. Hakuna fundi anayemkabidhi mwanagenzi msumeno kabla ya kumwonyesha unavyokata. Ila ni lazima tuulize swali ambalo mwanafunzi wa Huruma atajiuliza kimoyomoyo hata akikosa ujasiri wa kunyoosha mkono: maabara hiyo iko wapi?

Jibu la swali hilo limo katika historia fupi ya sekondari msingi. Mnamo tarehe 30 Januari 2023 kundi la kwanza la Gredi ya 7 lilipofungua milango ya madarasa yake, liliwekwa katika shule za msingi. Hilo lilikuwa pendekezo la jopokazi la Rais kuhusu mageuzi ya elimu, na lilikuwa na hekima yake: watoto wa umri huo wabaki karibu na wazazi wao, na wasitupwe katika mabweni kabla ya wakati. Lakini shule za msingi hazikujengwa zikiwa na maabara. Katika mfumo wa 8-4-4, ulioanza mwaka 1985, maabara ilikuwa mali ya shule ya upili. Basi somo likahama, maabara ikabaki ilikokuwa.

Matokeo yake ni kwamba katika shule nyingi za mitaa kama Huruma wiki ya kwanza ya sayansi hugeuka kuwa somo la imla. Mwalimu huandika ubaoni: usile wala usinywe ndani ya maabara, usikimbie ndani ya maabara, ukimwagikiwa na asidi, osha kwa maji mengi. Wanafunzi, ambao huenda wakawa sitini au zaidi katika darasa moja, wananakili. Halafu wanachora neli ya majaribio, kichomeo cha Bunsen na hadubini, vitu ambavyo wengi wao hawajawahi kuvigusa. Mwishoni mwa wiki mtoto amejifunza jambo moja ambalo halimo katika mtaala: kwamba sayansi ni habari za mahali pengine na za watu wengine.

Hapo ndipo penye hasara kubwa. Miaka mitatu baadaye mtoto huyo huyo atafanya mtihani wa kitaifa wa Gredi ya 9, uliofanywa kwa mara ya kwanza mwaka 2025, na kuchagua njia ya kufuata katika sekondari pevu. Wizara ya Elimu imesema inatarajia wanafunzi wapatao asilimia 60 wafuate njia ya sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati. Hayo ni matarajio mema. Lakini aliyeaminishwa Januari ya Gredi ya 7 kwamba sayansi si yake, hatashawishika na takwimu za wizara akifika Gredi ya 9.

Je, mwalimu afanyeje? Mwalimu mwenyewe tumwonee imani. Yamkini alisomea ualimu wa masomo mawili, tuseme kemia na biolojia, na sasa ameambiwa afundishe fizikia pia. Wengi wa wenzake waliingia kazini kwa mkataba wa mwaka mmoja wa uanagenzi, na mwaka 2024 waligoma wakidai ajira ya kudumu. Simwandikii mwalimu huyo ili kumwongezea mzigo. Namwandikia kwa sababu naamini anaweza kuianza wiki ya kwanza kwa namna nyingine, na kwa gharama ndogo.

Tuanze na usalama. Mtoto wa Huruma hana maabara, lakini anaishi katika chumba chenye hatari zote zinazotajwa na mada hiyo. Katika chumba kimoja familia inapika, inalala na kusoma. Pana stovu ya mafuta ya taa, na mafuta yenyewe huenda yametiwa katika chupa ya soda ambayo mdogo wake anaweza kuidhania kinywaji. Pana jiko la makaa, linaloingizwa ndani usiku wa baridi na kutoa gesi ya monoksidi ya kaboni, isiyo na rangi wala harufu, inayoua watu usingizini. Pana nyaya za umeme zilizounganishwa kiholela. Nje, kwenye vibanda vya mafundi, pana asidi ya betri za magari. Mwalimu akiwauliza wanafunzi wataje hatari tano walizoziona nyumbani na waeleze namna ya kuziepuka, hatahitaji kuwapa imla. Kanuni zitatoka vinywani mwao. Mtoto akishaelewa kwa nini stovu haiongezwi mafuta ingali moto, ataelewa pia kwa nini vimiminika vinavyoshika moto haviwekwi karibu na kichomeo. Tena jioni ataifikisha kanuni hiyo kwa mama yake, na pengine itaokoa maisha.

Baada ya usalama huja vyombo. Chupa nyofu ya plastiki, pamoja na bomba la sindano la mililita 10 kutoka duka la dawa, vinatosha kutengeneza chombo cha kupimia ujazo. Mwanafunzi hutia maji mililita 10 kwa wakati, akiweka alama kwa kalamu kila mara. Chupa iliyokatwa shingo huwa faneli. Na anayetengeneza chombo chake mwenyewe hujifunza jambo ambalo mnunuzi wa chombo cha kioo hulikosa: kwamba kila kipimo kina kasoro yake, na kazi ya mwanasayansi ni kuijua kasoro hiyo.

Hatimaye uje uchunguzi wenyewe, na hapa napendekeza kitu rahisi kupita vyote: uzi na kijiwe. Ukining'iniza kijiwe kwa uzi na kukisukuma kidogo, kitabembea. Mwalimu na aulize: tukiweka jiwe zito zaidi, litabembea kwa haraka zaidi? Takriban darasa zima litajibu ndiyo. Basi wapime, kwa saa ya mkononi au ya simu ya mwalimu. Uzi wenye urefu wa mita moja, tokea unapofungiwa hadi katikati ya jiwe, utafanya bembea 20 za kwenda na kurudi kwa muda wa sekunde 40 hivi. Wabadilishe jiwe, urefu ubaki ule ule: muda utabaki karibu ule ule. Waufupishe uzi hadi robo ya mita: muda utapungua hadi sekunde 20 hivi, yaani nusu.

Darasa litanyamaza. Watoto sitini watakuwa wamekosea pamoja, na aliyewasahihisha si mwalimu wala kitabu, bali jiwe. Hiyo ndiyo sayansi. Ni desturi ya kukisia, kupima, na kukubali kushindwa na ukweli bila aibu. Mwanafunzi akiipata desturi hiyo katika wiki ya kwanza, vyombo vya kioo vitamkuta yu tayari siku vitakapofika.

Kisha uzi ule ule uachwe utulie. Utasimama wima. Mtoto wa fundi wa ujenzi atakitambua mara moja chombo hicho: ni timazi. Kwa timazi fundi hujua ukuta umesimama sawa au umeinama. Hapa Huruma somo hilo si la mchezo. Usiku wa tarehe 29 Aprili 2016, mvua kubwa ikinyesha, jengo la ghorofa liliporomoka mtaani humu na kuua makumi ya watu. Mamlaka zilisema lilikuwa limejengwa bila idhini. Wanaoingia Gredi ya 7 siku hizi walikuwa wachanga wakati huo, lakini wanaishi miongoni mwa watu wanaoyakumbuka mauti yale. Mtaa kama huu unahitaji watu wanaojua uzito, nguvu na mizani ya vitu, na wasiokubali kuambiwa tu kwamba ukuta uko sawa. Unahitaji wahandisi na wakaguzi waliozaliwa humu humu. Hao wanaanzia kwenye uzi na kijiwe.

Nimesikia watakaosema kwamba wazo la kutumia vitu vya mazingira ni la zamani. Ni kweli. Mradi wa kuimarisha ufundishaji wa hisabati na sayansi, SMASSE, ulioanzishwa mwaka 1998 kwa ushirikiano wa Kenya na Japani, uliwahimiza walimu wa shule za upili watumie majaribio madogo na vifaa vya kubuni. Uzee wa wazo si kasoro. Kasoro ni kwamba kila Januari tunalisahau.

Hata hivyo, sina budi kutoa onyo. Mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Tukimsifu mno mwalimu wa Huruma kwa chupa zake za plastiki, watakuwapo wakubwa watakaodhani kwamba chupa zinatosha. Hazitoshi. Kipimajoto cha kuaminika hakitengenezwi kwa mrija wa soda, na hadubini haina mbadala wa kweli mtoto anapotaka kuona seli. Somo la asidi na besi linaweza kuanza kwa ndimu, maji ya jivu na rangi ya maua, lakini haliwezi kuishia hapo. Mwanafunzi wa Huruma atatahiniwa kwa karatasi ile ile anayopewa mwenzake aliye katika shule yenye maabara mbili na mhudumu wake. Ubunifu wa mwalimu ni daraja la kuvukia, wala si kibali cha kutojenga.

Kwa hiyo madai ni mawili, na yaende pamoja. Kwa serikali: fedha za sekondari msingi zifike shuleni kabla ya kengele ya Januari, na chumba kimoja chenye maji, meza imara na kabati la vifaa kitengwe hata pale ambapo nafasi ni finyu. Shule zinazopakana zinaweza kutumia chumba hicho kwa zamu. Kwa walimu: tusiingojee siku hiyo tukiwa tumekunja mikono, tukiwasomea watoto kanuni za nyumba isiyokuwapo.

Na kwa wewe mwanafunzi unayeisoma safu hii pengine juu ya bega la babako: tafuta uzi leo jioni, ufunge kijiwe, uhesabu. Usiniamini mimi. Pima mwenyewe, uandike ulichokiona katika ukurasa wa kwanza wa lile daftari jipya, kisha kesho umwonyeshe mwalimu wako. Usipoziba ufa utajenga ukuta, walisema wahenga. Nao ufa wa elimu yetu ya sayansi huanzia kwenye ukurasa huo.