Swichi Inayoruka Si Adui wa Nyumba



Mpwa wangu aliolewa Nakuru, akaliacha joto la Mombasa akaenda kukaa Bondeni, katika baridi ya Bonde la Ufa, ambako kuosha masufuria baada ya daku ni mtihani wa vidole. Shemeji yake aliyeko Maskati akamhurumia, akamletea mashine ya kuosha vyombo. Ikakaa stoo msimu mzima wa mvua, hadi alipopatikana fundi wa mabomba wa kuiunga.

Siku ilipowashwa, ilivuta maji vizuri, ikazunguka kwa dakika chache, kisha nyumba nzima ikawa kiza. Swichi kubwa iliyo kwenye kisanduku cha umeme ilikuwa imeruka. Wakairudisha, baada ya muda ule ule ikaruka tena. Akaitwa fundi wa jirani. Huyo akaifungua plagi, akaukata waya wa kijani na manjano, akasema, "Sasa haitaruka tena, mama." Kweli, haikuruka. Siku tatu vyombo vikaoshwa, na mpwa wangu akanipigia simu kwa furaha.

Siku ya nne, binti yake wa miaka tisa aliufungua mlango wa mashine huku mkono wa pili umeshika bomba la sinki. Akapiga ukelele, swichi ikaruka, mtoto akaanguka. Alhamdulillahi, aliinuka mzima. Mama yake aliponipigia tena, sauti ilikuwa ikitetemeka: "Mjomba, swichi hii niliilaani siku zote, kumbe ndiyo iliyoniachia mwanangu."

Mimi si fundi wa umeme. Lakini mmoja wa vijana niliowasomesha Kurani leo ni fundi mwenye leseni huko huko Nakuru, nami nikamwomba aende. Aliyonieleza nayaandika hapa, kwa kuwa vyombo vya umeme vimeingia majumbani mwetu, na elimu ya kuvitumia bado iko mlangoni.

Swichi mbili, kazi mbili

Zile swichi ndogo zilizopangwa safu hukata umeme mzigo unapozidi, kwa mfano pasi, birika na jiko vikiwashwa pamoja kwenye njia moja. Ile kubwa, yenye kitufe cha kujaribia, ina kazi nyingine. Yenyewe huulinganisha umeme unaotoka na ule unaorudi, kama mweka hazina mwaminifu wa msikiti ahesabuye sadaka. Hesabu ikipunguka, hujua kwamba umeme unavuja kwa njia isiyo yake: ardhini, majini, au mwilini mwa mtu. Katika nyumba zetu, upungufu wa sehemu 30 katika 1,000 za ampea moja hutosha kuirusha, ilhali fyuzi ya plagi yaweza kubeba ampea 13. Fyuzi huulinda waya. Swichi hii humlinda mtu.

Waya wa kijani na manjano ndio njia ya salama. Umeme ukivuja kwenye bati la mashine, huteremka nao hadi ardhini, na swichi huruka kabla mkono wa mtu haujafika. Fundi yule alipoukata hakuondoa ugonjwa, aliondoa dalili. Umeme ukabaki kwenye bati, ukimngoja wa kuligusa.

Tazama inaruka wakati gani

Kabla ya kumwita fundi, kausha mikono yako, uhakikishe sakafu haina maji, kisha uichomoe mashine na kuirudisha swichi. Ikitulia, yaelekea kosa limo katika mashine. Ikiruka tena, chomoa vyombo vyote, uirudishe, kisha uchomeke kimoja kimoja hadi umpate mkosaji. Huenda pia mvujo mdogo wa vyombo kadhaa umekusanyika ukawa mkubwa.

Kisha kumbuka saa. Mashine ikirusha swichi papo hapo, shaka iko kwenye plagi, waya, au maji yaliyoingia pasipotakiwa. Ikirusha baada ya dakika kadhaa, maji yanapoanza kupashwa moto, shaka iko kwenye koili. Ikirusha wakati wa kumwaga maji, atazamwe pampu. Mwambie fundi hayo, naye hatapapasa gizani.

Hapo ndipo mpaka wa kazi yetu. Usiifungue mashine, wala usiirudishe swichi mara kwa mara kwa matumaini. Tafuta fundi mwenye leseni ya EPRA, mamlaka inayosimamia kawi nchini, na usione haya kumwomba akuonyeshe.

Kwa mpwa wangu, ilikuwa koili. Fundi aliipima akaona inavuja. Kwa maoni yake ilinyonya unyevu ilipokuwa stoo. Akaweka mpya, akaurudisha waya uliokatwa, na tangu siku hiyo swichi imetulia.

Kila miezi mitatu, bonyeza kile kitufe cha kujaribia. Swichi ikiruka, ni nzima. Isiporuka, itengenezwe upesi. Na nyumba ya kupanga isiyo nayo kabisa, mwenye nyumba aambiwe.

Sharia yetu inatukataza kudhuru na kudhuriana. Wanazuoni wa fiqhi wamesema kuwa ajitiaye utabibu pasi na elimu hudhamini madhara aliyoyaleta, nami sioni fundi wa umeme kuwa mbali na hukumu hiyo. Wala sisi tunaomwambia, "Fanya uwezavyo, mradi isiruke," hatujitoi lawamani. Mtoto anayecheza jikoni ni amana, na binti wa kazi anayesimama mbele ya sinki ni amana vilevile. Swichi ikiruka usiku wageni wamekaa, usikasirike. Washa taa ya simu, uchomoe chombo, uoshe kwa mkono. Baridi ya maji ya Nakuru hupita.

Wabillahi tawfiq.